Jiwe Lililowasikia Watani

Turubai lilipovuliwa, Injinia Lwitiko alikohoa, akaitazama sanamu juu mpaka chini, kisha akauliza kwa adabu zake zote kama isingekuwa busara kuirudishia turubai lake.

Bi. Zamoyoni Kitwana, Afisa Sanaa wa Jiji la Mkondoni, alikuwa bado ameshika pindo la turubai. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Kesho yake asubuhi sanamu hiyo ilikuwa ipokewe rasmi katika Hazina ya Sanaa ya Jiji, kwa kwaya, hotuba na wageni kutoka miji rafiki. Ilikuwa sanamu ya marehemu Mzee Kasuka Maganga, mhandisi wa mitaro, mtu aliyelikausha jiji wakati wa mafuriko makubwa, siku ambazo watu walikuwa wakienda sokoni kwa mitumbwi. Na ni yeye kweli, hapo hapakuwa na wa kubisha. Pua ilikuwa yake, vidole vifupi vilikuwa vyake, na buti za mpira zilikuwa zile zile alizokuwa akizivaa hata msibani. Ila kitambi kilitangulia mbele kupita alivyojaliwa na Mola, macho yalikuwa yamefumba kama ya mtu anayelala wima, mdomo uliachama kwa kukoroma, na kwenye mfuko wa koti lake la kazi lilichungulia paja la kuku. Jiwe lilikuwa limejitahidi sana hapo kwenye paja. Hata ngozi iliyokaangwa ikabanduka kidogo ilionekana.

Wakati huo huo gari la angani la Meya likatua pembeni ya bustani na kuwamwagia wote vumbi. Meya Audifasi Kihwelo alishuka akijipangusa suti, akasogea, akasimama.

"Hilo ni nini?"

"Paja, Mheshimiwa," alisema Lwitiko.

"Naona ni paja. Nauliza limefikaje."

Ikabidi Lwitiko aeleze, na alipenda kueleza, maana yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa mawe yote sikivu ya mjini. Jiwe sikivu halichongwi, alisema. Ni jivu la volkano lililokandwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula cha vijidudu hivyo ni sauti. Unalipa jiwe picha moja ya mhusika ili lianzie hapo, unaliweka mahali watu wanapomzungumza, unalifunika, unaliacha. Miezi inapita, linajiumba lenyewe kwa yale linayoyasikia. Maneno linayasikia yote. Lisichokijua ni nia. Linachopima ni joto la sauti tu: linalosemwa kwa moyo uliochangamka huingia mpaka ndani, na linalosemwa kwa kutimiza wajibu huteleza juu likaanguka.

"Kwa hiyo kuna mtu alimtukana marehemu mbele ya jiwe la serikali," alisema Meya.

"Kutukanwa hajatukanwa, Mheshimiwa," alisema Zamoyoni, na hapo akatamani angenyamaza.

Kwa sababu alijua fika kilichotokea. Arobaini ya Mzee Maganga ilisomwa pale pale bustanini, maana ua wa nyumbani kwake usingewatosha watu, na kibali alikitoa yeye Zamoyoni kwa mkono wake. Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi. Wazaramo ni watani zake tangu enzi za misafara, na msiba wa Mnyamwezi bila Wazaramo kuja kuuharibu ni msiba uliopwaya. Basi walikuja. Mmoja alivaa buti za marehemu, akajifunga mto tumboni, akalala katikati ya mkeka anakoroma na kukataa kuamka mpaka aletewe minofu. Watu walicheka mpaka sheikh akageukia upande wa pili kuficha uso. Na nyuma yao, chini ya turubai, jiwe lilikuwa linakula.

Lwitiko, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alichomeka kipimo chake kwenye kitako cha sanamu. Alisema ataisikiliza sauti iliyoingia kwa joto kuliko zote, huenda wakampata mhusika. Kipimo kikakwaruza, halafu ikatoka sauti ya mwanamke, nzito kwa kicheko: "Mkagueni mifuko kwanza! Huko shughulini alikotoka kuna kuku wa watu!"

Meya aligeuka taratibu.

"Hiyo sauti naifahamu," alisema.

"Mimi ni Mzaramo, Mheshimiwa," alisema Zamoyoni. Hakuwa na utetezi mwingine, na kwa kweli kwa mtu wa nchi hii ule ulikuwa utetezi kamili.

Meya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa, ambalo ni jambo jingine. Wageni wa miji rafiki walikuwa wanakuja kulinganisha hazina za sanaa, na mwaka uliopita mji mmoja ulionyesha sanamu ya malkia wake akiwa na mikono imara na macho ya kuona mbali. Leo yeye aonyeshe mlafi amelala? "Mzaha mzaha hutumbua usaha, Bi. Zamoyoni," alisema. "Na huu ndio usaha. Liosheni."

Kuosha jiwe sikivu si kazi ngumu. Linapigiwa mvumo maalumu, vijidudu vinasahau kila kilichosikika, na jiwe linarudi kwenye ile picha ya kwanza. Ila linaoshwa mara moja tu katika maisha yake. Likioshwa mara ya pili vijidudu vinakufa, na unabaki na jiwe kama mawe mengine. Picha ya kwanza ya Mzee Maganga ilitoka kwenye kitambulisho chake cha kazi, ile aliyopigwa huku akiambiwa asitabasamu. Baada ya hapo Meya alitaka jiwe lizungushiwe uzio na kuwekewa vipaza sauti vya kulisomea hotuba za heshima mchana kutwa.

Zamoyoni alinyoosha mkono kuelekea upande wa pili wa bustani. Huko ilisimama sanamu ya Meya wa kwanza wa Mkondoni, iliyolelewa kwa mtindo huo huo. Miaka mingi ilikuwa inasomewa hotuba: kiongozi shupavu, mzalendo wa kweli, mfano wa kuigwa. Kwa vile hayo ndiyo yasemwayo kwa kila kiongozi, jiwe halikujua lishike lipi, likazidi kulainika. Sasa halikuwa na pua wala macho, na watu wa mjini waliliita Mche wa Sabuni. Wapenzi waliahidiana kukutana kwenye Sabuni. Wageni waliuliza kama ni tangazo la biashara.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema Zamoyoni. "Lile lilisifiwa mpaka likawa maji matupu."

"Afadhali sabuni kuliko paja," alisema Meya.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Sheria ya Hazina ilikataza jiwe la marehemu kuoshwa mpaka aliye karibu naye kuliko wote asimame mbele yake na kukubali kwa mdomo wake. Ndipo Afisa Sanaa aweke kiganja kwenye bamba la kuidhinisha. Na jiwe likishapokewa kwenye Hazina haliguswi tena na mtu, liwe limekaa vizuri au vibaya. Kwa hiyo ama lioshwe kesho kabla ya kupokewa, ama Mzee Maganga abaki na paja lake milele. Aliye karibu naye kuliko wote alikuwa mjane wake, Bi. Kalunde, na Meya akamtuma Zamoyoni akamlete.

*

Njia nzima Zamoyoni alijisema moyoni. Kama ni kazi, angeweza kuipoteza, akaenda kuuza batiki. Lakini Bi. Kalunde alikuwa amemaliza eda wiki ile. Miezi yote hiyo alikaa ndani, na kwa kila aliyekwenda kumpa pole alisema neno moja: atakapotoka, matembezi yake ya kwanza yatakuwa bustanini, akamwone mumewe. Hakuwa na kaburi la karibu la kuzuru, maana Mzee Maganga aliusia akazikwe kwao Tabora. Alichokuwa nacho hapa mjini kilikuwa lile jiwe. Na Zamoyoni alikuwa amelitia paja mfukoni.

Mlango wa nyumba ulimwambia kwamba mwenye nyumba hayupo. Mwenye nyumba akasema kutoka ndani kwamba mlango unasema kweli, ila kama aliyekuja ni mtani, basi apite, maana mtani hahesabiwi kuwa mgeni wala mtu.

Bi. Kalunde alikuwa amekaa sebuleni, mwembamba na mnyoofu, macho makali. Mezani palikuwa na sahani ya pilau imefunikwa kawa, imeletwa na majirani waliokuwa na harusi, na haikuguswa. Mji mzima ulijua kwa nini. Zamani, katika harusi ya wifi yake, alisemwa kwamba amekuja na bakuli la kuzolea chakula, akaapa siku ile ile kwamba chakula cha shughuli ya watu hakitapita tena kooni mwake. Hakwenda tena shughulini. Mzee Maganga alikwenda peke yake kwa niaba ya wawili, na ndiyo maana, watani walisema, alikula kwa niaba ya wawili.

Zamoyoni alimwamkia, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaeleza yote. Hakupunguza kitu. Alisema kitambi, akasema kukoroma, na alipofika kwenye paja akasema ni lake, yaani neno ni lake yeye. Bi. Kalunde alisikiliza bila kupepesa.

"Umekasirika, mama?"

"Kwa mtani hakukasirikiwi. Hujui mila?"

Na hapo ndipo Zamoyoni alipoona shimo aliloingia. Mila ilimfunga mama yule asikasirike. Hata kama moyo ulikuwa unavuja damu, kwa mtani atacheka. Akisema lioshwe, huenda anatania. Akisema liachwe, huenda anatimiza mila na usiku atalia. Ruhusa ya mtani ni kama senti ya zamani, unapewa ukiwa umeshajua hainunui kitu.

"Mama, leo nakuomba tuuweke utani pembeni."

"Tukiuweka pembeni, wewe kwangu ni nani?" aliuliza Bi. Kalunde. "Mtu wa serikali? Wa serikali nimezungumza nao siku ya msiba. Walinisomea hotuba, wakamkosea mpaka jina la babaye."

Bi. Kalunde aliitazama ile sahani iliyofunikwa, akainyoosha kawa yake.

"Paja, umesema," alisema mjane hatimaye. "Mfuko upi?"

"Wa kulia."

Bi. Kalunde akaitika kwa kichwa, akasema kesho atakuja, na atakachosema atakisema akishamwona. Alipoondoka, Zamoyoni alikuwa hajui hata nusu ya jibu, na wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkubwa.

*

Asubuhi bustani ilijaa. Kwaya ya wafanyakazi wa jiji ilikuwa na sare mpya. Wageni wa miji rafiki walikaa mbele chini ya vivuli vya umeme, wakipepewa na vivuli vyenyewe. Sanamu ilikuwa chini ya turubai, na nyuma yake, kwa siri ambayo kila mtu aliiona, Lwitiko alikuwa amesimika mashine ya kuoshea. Alikuwa pia ameacha kipimo chake kimechomekwa kwenye kitako, maana alikuwa mtu asiyeweza kuiona sauti ikipita bila kuipima.

Meya alihutubia. Alisema marehemu alikuwa mjenzi mahiri, mzalendo wa kweli na mfano wa kuigwa. Mshale wa kipimo ulilala. Kwaya ikaimba, ukatikisika kidogo kwenye besi, ukalala tena. Lwitiko aliutazama kwa masikitiko, akijua kinacholisubiri jiwe lile uzioni.

Bi. Kalunde alifika kwa miguu, kanga mpya, hajashikwa mkono na mtu. Mpango wa Meya ulikuwa mwepesi: mjane apelekwe nyuma ya turubai, aone, aseme "nakubali", mashine ivume wakati kwaya inaimba wimbo wa pili, na wageni waonyeshwe mtu wa kitambulisho. Zamoyoni alimsindikiza. Moyoni alikuwa amekwisha kata shauri: mama huyu akisema lioshwe, ataweka kiganja bila neno. Akisita, hatamsukuma, hata Meya apige magoti.

Lakini mpango wa Meya haukuhesabu Bi. Kalunde. Alilifikia turubai, akalishika pindo, akalivuta lote likaanguka chini mbele ya wageni.

Kicheko kilianza kwenye kwaya, kwa wale wa nyuma, kikazimwa haraka. Mgeni mmoja aliinuka kitini ili aone vizuri. Meya alikuja mbio, na kwa sauti ya chini akamwambia mjane kwamba neno ni moja tu, aseme anakubali, na aibu hii itakwisha sasa hivi.

"Mwache kwanza, Mheshimiwa," alisema Zamoyoni.

Meya alimtazama kama mtu aliyekanyagwa mguu na kiti chake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja.

Bi. Kalunde aliizunguka sanamu yote. Alikigusa kitambi, akakipigapiga. Aliinama akaangalia buti. Aliporudi mbele, uso wake ulikuwa umeanguka.

"Ni yeye," alisema mjane. "Wamemsema vizuri. Ila huyu ni wa watani. Wangu hayumo humu."

Zamoyoni alielewa palepale, na akashangaa jinsi wote walivyopitiwa. Walipomsema bustanini, mjane alikuwa ndani kwenye eda. Jiwe lilimsikia kila mtu mjini, majirani, mafundi wa mitaro, Wazaramo na mito yao. Sauti iliyomjua marehemu kuliko zote halikuisikia hata siku moja.

Lwitiko, akiwa na haraka ya kusaidia, alisema basi lioshwe, mama aanze naye upya. Meya alidakia kwamba naam, hilo ndilo. Zamoyoni akasema hapana, na safari hii sauti yake ilikuwa ya Afisa. Likioshwa litazungushiwa uzio na kusomewa hotuba, na mama atakuwa upande wa nje wa uzio. Watapotea wote, wa watani na wa mke. Akamgeukia Bi. Kalunde.

"Lisikie na la kwako, mama. Bado linakula."

Bi. Kalunde alitazama wageni, kwaya, Meya, na majirani waliokuwa wamejipanga barazani mwa bustani, wale wale wa sahani ya pilau. Ilionekana wazi kwamba alichotaka kukisema kilikuwa na bei. Alijifunga kanga vizuri.

"Hilo paja lilikuwa langu," alisema.

Mshale wa kipimo ukaruka.

"Kila shughuli alikokwenda, aliniletea. Analikunja kwenye kitambaa, analitia mfuko wa kulia. Mimi nalila nyuma ya mlango, nimesimama, nikimaliza najifuta mdomo kwa upindo. Kesho natoka nawaambia sijapata kuonja cha mtu." Majirani waliguna. Mmoja alijishika kichwa. Bi. Kalunde hakuwageukia. Alikuwa anamwambia mtu mmoja tu sasa. "Na wewe ukanyamaza. Maisha yote wanakuita mlafi, unacheka. Nilikwambia waambie, ukasema heshima ya mke haipimwi na paja. Ujinga wako huo. Na buti ulikuwa unaingia nazo mpaka chumbani."

Hakupaza sauti. Alinung'unika tu, kama wanavyonung'unika wake kwenye nyumba zote, na mshale ulikuwa umeegemea ukingoni mwa kipimo unatetemeka. Lwitiko alipiga magoti akautazama bila kuamini. Zamoyoni alilia waziwazi. Miaka mingapi yeye na wenziwe walimcheka mzee yule, na mzee akacheka nao, huku amebeba mfukoni siri ya mkewe. Aliona haya, na aliona furaha, na hakuweza kuvitenganisha.

Akaenda kwenye bamba la kiganja. Lilikuwa na sehemu mbili, ya kuosha na ya kupokea.

"Bi. Zamoyoni," alisema Meya, "fikiri."

"Nimefikiri, Mheshimiwa," alisema, akaweka mkono kwenye kupokea. Taa ikawaka. Tangu hapo Mzee Maganga alikuwa mali ya jiji, kitambi na vyote, na hakuna ambaye angeweza kumwosha wala kumziba masikio.

Kisha yule mgeni aliyeinuka akauliza, kwa heshima, kile kitu kilichoko mfukoni kina maana gani. Wote wakamgeukia Meya. Na hapa lazima haki itendeke: watu hawakumchagua bure. Alivuta pumzi, akarekebisha tai.

"Hiyo, ndugu wageni," alisema, "ni alama ya uaminifu katika ndoa."

Wageni wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanaandika. Kwaya, kwa kutojua la kufanya, ikaanza wimbo wa pili, na Meya akapata moyo, akafungua kinywa ili aongeze machache kuhusu ndoa na maendeleo. Bi. Kalunde alikuwa amekaa chini, kwenye kitako cha sanamu, mgongo umeegemea zile buti. Aliinua mkono, na kwaya ikakatika.

"Mmempokea, nimeshukuru," alisema. "Sasa tuondokeeni. Sijamaliza naye."

Zamoyoni alifuta uso. Kisha akamshika Meya mkono, akawaomba wageni wamfuate, akawapeleka wote upande wa pili wa bustani, kwenye kivuli cha Sabuni, na huko wakasubiri.